Kuvu Ndani ya Bua: Tuing'oe Kwanza au Tuijue Kwanza?

Gudele iko magharibi mwa Juba, Sudan Kusini, na mvua zikianza mwezi wa 4 kila ua wenye nafasi ya jembe hupandwa kitu: mahindi mistari minne nyuma ya jiko, bamia kando ya uzio, mtama kwa aliyebahatika kupata kiwanja kikubwa kidogo. Ni kilimo cha mtu anayerudi kutoka kibaruani jioni, na ndicho kinachosaidia gunia la unga lifike mwisho wa mwezi. Kwa hiyo swali ninaloleta hapa si la wenye makoti meupe peke yao. Ukipasua bua la mahindi lililokuwa zima machoni, ukakuta kuvu inaishi ndani yake, utafanya nini? Uing'oe kwanza, au uijue kwanza?

Sauti ni nne, na nimezipanga mimi. Hakuna mkutano uliofanyika. Kuna Mama anayelima uani, Mzee aliyelima mtama tangu ujana, Mfanyabiashara anayeleta unga kutoka Uganda, na Kijana aliyesomea kilimo. Wanazungumza Kiswahili kwa sababu Gudele inacho: kimerudi na waliokaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kimekuja na madereva wa barabara ya Nimule, kwenye mpaka wa Uganda, na Wakongo wa sokoni. Nitaingilia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MAMA: Nilipasua bua moja mwezi wa 7. Nje lilikuwa kijani, limenyooka, limebeba hindi moja zuri. Ndani, karibu na pingili ya pili kutoka chini, ile nyama nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya waridi iliyopauka, kama maziwa yaliyoingia tone la damu. Mdudu sikumwona. Jirani mmoja akaniambia ng'oa yote uchome. Mwingine akacheka, akasema mwaka jana nilikula yenye rangi hiyo hiyo na sikujua. Sasa mwanangu, wewe uliyesoma, niambie: ning'oe au nile?

KIJANA: Mama, nikikujibu sasa hivi nitakudanganya. Waridi ndani ya bua la mahindi hunielekeza kwenye ukoo wa Fusarium. Lakini rangi inanitajia ukoo tu, hainitajii mtu. Ndani ya ukoo huo wamo wanaooza bua, wamo wanaoacha sumu kwenye punje, na wamo wanaokaa humo msimu mzima bila kumdhuru mwenyeji.

MZEE: Bila kumdhuru? Sikiliza, kijana. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na mtama uliosimama vizuri kuliko wa jirani zangu wote. Majani mapana, bua nene. Suke lilipotoka, mahali pa punje palikuwa na vifuko vya kijivu. Ukikiminya kimoja, unatoka unga mweusi kama masizi ya chungu, unabaki kwenye vidole mpaka jioni. Ugonjwa ule haukuingia siku ile. Uliingia na mbegu, ukapanda na bua kimya kimya. Tangu hapo nasema: anayeishi ndani ya nyumba yako bila kujionyesha, hakuja kwa wema. Ng'oa, choma, lala usingizi.

KIJANA: Mzee wangu, ulichokiona ni kweli tupu, na umeeleza safari ya kuvu ile vizuri kuliko kitabu changu. Inaitwa Sporisorium sorghi. Spora zake hushika kwenye ganda la mbegu, huota pamoja na mbegu, huingia kwenye mche, kisha hukua na mmea bila dalili mpaka suke litoke. Lakini tazama ulipofika. Ulipoona vifuko, kung'oa kulikuwa kuzika maiti. Dawa ya ugonjwa ule iko kwenye mbegu kabla haijagusa udongo: mbegu ikipakwa dawa ya kuua kuvu, hesabu imekwisha. Sasa kuna ndugu yake, Sporisorium ehrenbergii. Yule vifuko vyake ni virefu, vimepinda, vimetawanyika vichache vichache kwenye suke. Yeye haji na mbegu. Spora zake huletwa na upepo suke linapochanua, na mbegu ungeipaka dawa mara kumi usingemzuia. Mtu anayewaita wote wawili "ugonjwa wa unga mweusi" atanunua dawa ya mmoja na kuvuna mwingine.

Hapo naomba niseme neno. Katika ubishi wote huu, hoja hii ndiyo iliyonigeuza. Kwa muda mrefu niliamini jina la kisayansi ni pambo la wasomi, kitu cha kuandikwa kwa herufi za mlazo. Mfano wa mtama unaonyesha jina ni maelekezo: linakuambia mgonjwa atibiwe lini na wapi. Mwenye fedha za pakiti moja tu ya dawa analihitaji jina kuliko tajiri.

MFANYABIASHARA: Mmesema vizuri, ila mimi sinunui majina. Nanunua magunia. Mwaka 2023 malori mengi ya mahindi na unga kutoka Uganda yalizuiwa mpakani kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Madereva walilala chini ya malori. Je, kuna aliyeuliza kuvu inaitwa nani? Waliuliza kipimo. Kanuni ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo moja, na kwa ile aina ya B1 ni 5. Kenya nayo Machi 2021 iliyafungia mlango mahindi ya Uganda na Tanzania, na siku chache baadaye ikaufungua kwa sharti la cheti chenye kipimo hicho hicho. Basi pima sumu, uniambie yanapita au hayapiti. Hizo nyuzi na spora waachieni wenye muda.

Hoja hii ni nzito, na namheshimu aliyeisema kwa sababu mali yake ndiyo iliyosimama juani. Mikrogramu 10 kwa kilo ni gramu 1 katika tani 100. Piga picha magunia 2,000 ya kilo 50, halafu chukua sumu isiyojaza kijiko cha chai, uigawe humo mote. Jicho haliwezi, pua haiwezi, ulimi hauwezi. Anayesimama barabarani akafungua gunia, akanusa, akatoa hukumu, amebahatisha tu, awe ni ofisa au mnunuzi. Na sumu yenyewe haikai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu yote, na zilizobaki zikawa safi. Ukichota konzi moja juu ya gunia moja, unaweza kumfunga asiye na kosa na kumpitisha mwenye kosa kwa siku hiyo hiyo. Sampuli huchotwa sehemu nyingi za shehena, juu, kati na chini, zikachanganywa na kusagwa pamoja kabla ya kupimwa. Mfanyabiashara anayo haki ya kudai hilo.

KIJANA: Nakubali yote hayo. Kwa lori lililosimama mpakani, pima sumu, jina litachelewa. Ila kipimo kinakuambia habari za gunia la leo. Hakikuambii kwa nini gunia la mwaka ujao litakuwa vilevile. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua ini kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mahindi ya sokoni yakapimwa: asilimia 55 ya sampuli zilizidi mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Kipimo kilifanya kazi yake. Lakini kilibaki kitendawili. Aspergillus flavus, kuvu inayotoa sumu hiyo, iko karibu kila shamba la nchi za joto. Kwa nini pale, na kwa nini wingi ule?

MAMA: Kwa nini?

KIJANA: Watafiti walirudi kwenye punje, wakaotesha kuvu zilizokuwemo, wakazitenga moja moja. Ile flavus ya kawaida hutengeneza vidonge vyeusi vikubwa kidogo, vya kuivusha kiangazi. Kwenye mahindi ya wilaya zilizofiwa walikuta mlango mwingine, tawi jingine la flavus, umetawala, wenye vidonge vidogo vingi, visivyofika nusu milimita, na huo hutoa sumu nyingi mno. Utafiti huo ulitoka mwaka 2007. Vinasaba viliposomwa baadaye, ikaonekana mlango ule wa Kenya si ule wenye vidonge vidogo uliojulikana Marekani. Wanafanana sura tu. Watu 125 walikuwa wamekwisha kuzikwa kabla muuaji hajatofautishwa na anayefanana naye.

MFANYABIASHARA: Na kumjua kulileta nini?

KIJANA: Kulileta kinga. Ukishajua milango, unaona kwamba ndani ya flavus hiyo hiyo wapo wasioweza kabisa kutengeneza sumu. Wakachaguliwa wa nchi yenyewe, wakapakwa kwenye punje za mtama zilizochomwa zisiote, na mkulima huzimwaga shambani kilo 10 kwa hekta, wiki 2 au 3 kabla mahindi hayajachanua. Wale wasio na sumu huwahi nafasi, wenye sumu wakakosa pa kukaa. Dawa hiyo ni Aflasafe. Kenya wanaitengeneza Katumani, Machakos, na Tanzania wana ya kwao. Sasa, Mzee, yule aliyesema "ng'oa kila flavus" angeng'oa na mlinzi.

MZEE: Unataka niamini kuvu moja ni sumu na dawa?

KIJANA: Si moja, Mzee. Jina moja, milango tofauti. Chukua Fusarium oxysporum. Mlango wake mmoja huua migomba. Ule mkali wa sasa ulikutwa Msumbiji mwaka 2013, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Mlango mwingine, magharibi mwa Kenya, wakulima huuotesha kwenye wali na kuutia shimoni pamoja na mbegu ya mahindi, kwa sababu unaua kiduha, yule gugu mwenye maua ya zambarau anayenyonya mizizi ya mtama na mahindi. Na kuna milango iliyotolewa ndani ya migomba mizima ya Uganda, ikajaribiwa kurudishwa kwenye miche ili iwazuie minyoo ya mizizi. Maabara ikikuandikia "Fusarium oxysporum" ikaishia hapo, haijakuambia kama umepata mgonjwa au mlinzi.

Hapa Mama aliuliza swali ambalo wasomi wengi hulipita, nami naliona ndilo nguzo ya mjadala.

MAMA: Barabara ya Gudele ina vumbi. Vumbi linatua kwenye majani, kwenye mabua, kwenye sufuria. Utajuaje kwamba ulichootesha kimetoka ndani ya bua langu, na si vumbi la nje?

KIJANA: Mama, kwa swali hilo ungefaa kuwa mwalimu wangu. Ndiyo kazi ya kwanza na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Nachukua kipande cha bua lako, urefu wa kidole. Nakiosha kwa maji. Nakitumbukiza kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa muda mfupi, kisha kwenye Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, iliyopunguzwa makali kwa maji, kwa dakika chache, kisha nakisuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke mpaka hayana uhai. Kilichokuwa nje kimekufa. Halafu maji ya suuzo la mwisho siyamwagi: nayatia kwenye sahani yake peke yake, yenye chakula cha kuvu kilichotengenezwa kwa viazi, sukari na agari. Naikata ngozi ya bua, nachukua vijipande vya ndani vidogo kama punje ya mchele, navipanga kwenye sahani ya pili. Nasubiri. Sahani ya suuzo ikiota kitu, kazi yote naitupa, naanza upya. Ikibaki safi, na vijipande vikaota, ndipo naweza kukuapia kwamba kuvu ilikuwa inaishi ndani.

MAMA: Siku ngapi?

KIJANA: Siku ya 3 utaona utando mweupe. Ya 5 mpaka ya 7 unakuwa na rangi. Naukata ukingoni, nauhamisha sahani nyingine ili nibaki na kuvu moja tu, maana bua moja linaweza kuwa na kuvu kadhaa. Kisha hadubini. Hapo, Mama, ningependa ungekuwa karibu nikupe uchungulie. Fusarium verticillioides hupanga spora zake ndogo kwa minyororo, kama shanga zilizotungwa. Fusarium oxysporum huzikusanya kama kitone cha maji kwenye ncha ya kijiti, na baadaye huweka spora nzito za kulalia udongoni. Verticillioides hana hizo. Nyingine hukataa kabisa kuzaa spora kwenye sahani, zinabaki nyuzi tupu. Hizo hadubini haizijui.

MZEE: Mkishindwa ndipo mnakimbilia hivyo vinasaba.

KIJANA: Tunakwenda huko hata tusiposhindwa. Ila hapo pia kuna mtego. Kipande cha vinasaba kinachosomwa sana kwa kuvu zote kinatosha kukuambia "huyu ni Fusarium", na mara nyingi kinaishia hapo. Kwa Fusarium lazima usome kipande kingine ili ufike kwenye spishi, na kwa Aspergillus kingine tena. Wengi hutuma sampuli nje ya nchi, hulipa, hupewa jina la ukoo tu, na kulichapisha kama jibu. Na jina likishapatikana bado kuna hatua: urudishe kuvu ile kwenye mche mzima wa mahindi, uone inafanya nini, kisha uitoe tena humo. Bila hiyo una jina la aliyekutwa nyumbani. Kosa hujathibitisha.

MFANYABIASHARA: Na hilo la waridi la Mama? Kisia basi, bila kuapa.

KIJANA: Kwa kukisia, verticillioides. Ndiye mkaaji wa kawaida wa mahindi duniani. Huweza kupita kutoka mbegu hadi mche, akakaa kati ya seli bila mmea kuumwa. Ukame ukibana, au kiwavi akitoboa bua, tabia hubadilika. Sumu yake, fumonisini, ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, na walioitafuta walikuwa na swali la saratani ya umio huko Transkei. Kuvu yenyewe ilijulikana tangu karne ya 19! Kwa muda mrefu iliitwa Fusarium moniliforme, jina lililofunika spishi kadhaa kama blanketi moja, mpaka ikabidi jina hilo liachwe. Utafiti wa zamani unaotumia jina hilo leo hatujui ulimzungumzia nani.

MZEE: Nimekusikia. Lakini siku zote hizo za kusubiri, nao ugonjwa unaenea. Wewe unaosha vipande, mimi napoteza shamba.

Mzee hajakosea katika kuogopa. Mkulima anayekula anacholima hana msimu wa akiba. Tofauti yangu naye ni kwamba kung'oa si jambo lisilo na gharama: ukiburura mgomba wenye ugonjwa wa Fusarium kupita shambani, udongo unaodondoka kwenye mizizi ndio unaoeneza ugonjwa. Na ukichoma mahindi ya watoto kwa sababu ya rangi, umewatia njaa kwa hakika ili kuwakinga na kitu ulichokikisia. Hukumu yangu ni kwamba Kijana ana haki juu ya kuvu, Mfanyabiashara ana haki juu ya gunia, na wote wawili wana deni kwa Mama, ambaye anapika jioni hii.

MAMA: Basi nijibuni la jioni hii.

KIJANA: Mahindi yasisubiri shambani yakikomaa; yavune, yakaushe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka punje ivunjike kwa meno badala ya kubonyea. Chambua kwa mkono. Punje iliyovunjika, iliyotobolewa, iliyobadilika rangi, yenye mistari myeupe inayosambaa kama miale, iondoe. Kukoboa kabla ya kusaga hupunguza sumu zaidi, kwa sababu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Kupika hakuiondoi. Na punje ulizoziondoa usiwape kuku: aflatoksini yenyewe ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga.

Kwa wanaosoma haya Juba, Yei, Arua au Kitale, nina ombi moja. Tanzania mwaka 2016 ilipoteza watu 20 kati ya 68 waliougua kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, miaka 12 baada ya Kenya. Kuvu hazina mpaka wa Nimule. Vyuo vyetu vya kilimo viweke kabati la kuvu za mashamba yetu, kila moja na jina lake, tarehe yake na mahali ilipotoka, ili siku ya msiba tusianze na sahani tupu. Nawe unayelima uani, ukikuta kuvu ndani ya bua, usilitupe jalalani. Ng'oa mmea mmoja na mizizi yake, uufunge kwenye gazeti kavu, usiutie kwenye mfuko wa plastiki maana utatoa jasho na kuota kuvu nyingine, uandike siku, mtaa na aina ya mbegu, na uupeleke kwa bwana shamba au chuo kilicho karibu nawe siku hiyo hiyo.